Modeli ya umakini inakosa vimelea vichache vya malaria kwenye utando mnene: tatizo liko wapi?

Maabara_Mbarara

Salaam wanajukwaa. Swali langu ni kwa wanaofundisha modeli za picha za kitabibu, na pia kwa watu wa maabara wenyewe.

Tuna picha za utando mnene wa damu (tone lililotandazwa nene kwenye slaidi) kutoka vituo vinne vya afya hapa Uganda, vitatu vya ngazi ya III na kimoja cha ngazi ya IV. Slaidi zote zimepakwa rangi ya Giemsa na kupigwa picha kwa simu iliyofungwa kwenye lenzi ya jicho ya hadubini, chini ya lenzi ya ×100 yenye mafuta. Kila picha ina pikseli 4000 kwa 3000. Baadhi ya picha zina visanduku vilivyochorwa na wataalamu wa maabara kuzunguka vimelea na chembe nyeupe za damu. Slaidi nyingine nyingi hazina visanduku, zina jibu la daftari la maabara tu.

Tumechukua ViT-Base, modeli ya picha inayotumia umakini (attention, yaani kulinganisha kila kipande cha picha na vingine vyote), iliyokwisha kufundishwa kwa picha za kawaida, tukaiendeleza kwa picha zetu. Tunaipa picha nzima ikiwa imepunguzwa hadi 224 kwa 224, nayo inajibu "ina vimelea" au "haina". Slaidi iliyojaa vimelea inaitambua. Slaidi yenye kimelea kimoja kimoja inaipita, na ukichora ramani ya joto ya umakini unakuta wekundu umekaa kwenye ukingo wa duara la hadubini au juu ya chembe nyeupe.

Tulitarajia umakini utusaidie hasa kwenye vitu vidogo. Je, data ni chache, aina ya modeli haifai, au tunaitumia vibaya? Na zile slaidi zisizo na visanduku zina kazi yoyote?

---

KaziYaPikseli

Ndugu, anza na hesabu ya pikseli kabla ya kuilaumu modeli.

Lenzi ya ×100 pamoja na lenzi ya jicho yenye namba ya uga (eneo linaloonekana kwa mara moja) 18 inakupa duara la kipenyo cha milimita 0.18, yaani mikromita 180. Kama duara hilo linajaza kimo cha picha yako, pikseli 3000, basi pikseli moja ni mikromita 0.06, na kimelea kichanga cha mikromita 2 kina upana wa pikseli 33 hivi. Ukipunguza hadi 224, pikseli moja inakuwa mikromita 0.8. Kimelea kilekile kimebakiwa na pikseli mbili na nusu. ViT hukata picha vipande vya 16 kwa 16, na kila kipande chako sasa kina mikromita 13 kwa upande, ukubwa wa chembe nyeupe nzima. Kimelea kinashika chini ya asilimia 3 ya eneo la kipande hicho. Umakini huanza kazi baada ya picha kukatwa, na kilichofutika kabla ya hapo hauna namna ya kukirudisha. Ndiyo maana slaidi iliyojaa inatambulika (usuli mzima umebadilika sura) na slaidi yenye kimelea kimoja inapita.

Tuangalie umakini wenyewe unafanya nini, maana ukiujua utajua pa kuuweka. Kila kipande hugeuzwa kuwa safu ya namba, 768 kwenye ViT-Base. Kutokana na safu hiyo modeli hutengeneza safu tatu: swali, ufunguo na thamani. Swali la kipande kimoja huzidishwa na funguo za vipande vyote. Matokeo hugawanywa kwa 8, ambayo ni kipeuo cha pili cha 64, upana wa kichwa kimoja, ili namba zisiwe kubwa mno. Softimaksi huyageuza kuwa uzito ambao jumla yake ni 1, kisha thamani za vipande vyote hujumlishwa kwa uzito huo. Hayo hufanyika kwenye vichwa 12 kwa pamoja, na kurudiwa katika tabaka 12.

Faida yake kwenye slaidi ya malaria ni kwamba kipande chenye nukta nyekundu kinaweza kujilinganisha na uga mzima. Mtaalamu wa hadubini hutazama kwanza viini vya chembe nyeupe ajue rangi imeshika namna gani siku hiyo, ndipo aamue kama nukta ile ni kromatini (kiini cha kimelea) au uchafu. Konvolusheni ya 3 kwa 3 (kichujio kidogo kinachopitishwa juu ya picha) huona majirani tu, na huhitaji tabaka nyingi ili ifike upande wa pili wa picha. Umakini hufika huko katika tabaka la kwanza. Kwa hiyo wekundu ulio juu ya chembe nyeupe si lazima uwe kosa. Huenda modeli inapima rangi.

Tatizo ni gharama. Kwa 224 una vipande 196, sawa na jozi 38,416 za kulinganisha. Ukipanda hadi 1280 kwa 1280 kwa vipande vilevile vya 16, unapata vipande 6,400 na jozi karibu milioni 41 kwa kila kichwa. Kwa namba za baiti 2, hiyo ni megabaiti 82 kwa kichwa, karibu gigabaiti 1 kwa tabaka, na karibu gigabaiti 12 kwa tabaka zote wakati wa kufundisha, kwa picha moja tu. Zipo mbinu za kuhesabu umakini bila kuhifadhi jedwali zima, FlashAttention ya 2022 ikiwa mojawapo. Itumie kama kadi yako ya michoro (GPU) inaikubali, ila kumbuka inapunguza kumbukumbu inayotumika, idadi ya jozi inabaki ileile.

Fanya hivi. Lenzi ya ×100 yenye upenyo wa namba (numerical aperture) 1.25 haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko mikromita 0.27 hivi kwa mwanga wa kijani. Kwa hiyo pikseli ya 0.06 ni ya ziada, na unaweza kupunguza duara hadi pikseli 1280 (mikromita 0.14 kwa pikseli) bila kupoteza chochote cha maana. Kimelea kinabaki na pikseli 14. Kata vigae (sehemu za picha) vya pikseli 512 kwa 512 vinavyopandana kwa pikseli 128: unapata 9 kwa kila uga. Mpandano huo ni mikromita 18, unatosha chembe nyeupe nzima isikatwe katikati. Ukipandanisha kwa 32 tu, utahesabu nusu-chembe mara mbili na msongamano utaharibika.

Acha swali la "ina/haina", fundisha modeli itafute visanduku. Swin-Tiny, modeli ndogo ya umakini, inafaa hapa kama uti wa mgongo wa kitafutaji: inaanza na vipande vya pikseli 4, na umakini unafanyika ndani ya madirisha ya 7 kwa 7, vipande 49, jozi 2,401 kwa dirisha. Madirisha husogezwa tabaka hadi tabaka ili jirani asitengwe. Kama kadi yako ni ndogo, mtandao wa konvolusheni wenye moduli ya CBAM (inayoongeza umakini wa chaneli na wa mahali) unatosha, ila iweke kwenye ramani za hatua 4 na 8, yaani ambazo kila seli inabeba pikseli 4 au 8 kwa upande. Kwenye hatua 32 kimelea cha pikseli 14 hakijazi hata nusu ya seli moja, na umakini wa mahali hautakuwa na mahali pa kushika. Moduli ya SE (umakini wa chaneli tu) peke yake haitakusaidia sana kwa vitu vidogo, kwa sababu inaanza kwa kuchukua wastani wa ramani nzima, na sauti ya kimelea kimoja inazama humo.

DETR ya mwaka 2020, modeli nyingine ya umakini ya kutafuta visanduku, naiogopa kwa kazi hii. Ina maswali 100 tu, yaani haiwezi kutoa visanduku zaidi ya 100. Mgonjwa mwenye vimelea 100,000 kwa mikrolita, kwenye uga wenye chembe nyeupe 15, ana vimelea 187 hivi katika uga huo. Ukiipa uga mzima itakata hesabu bila kukuambia. Isitoshe ni dhaifu kwa vitu vidogo na inafundishwa polepole. Deformable DETR ilikuja kurekebisha hayo mawili.

---

MamaMaabara_Gulu

Mwenzangu ameeleza vizuri upande wa pikseli. Mimi naongeza upande wa slaidi, kwani modeli nyingi huharibikia kwenye chupa ya rangi kabla hazijafika kwenye kompyuta.

Kimelea kwenye utando mnene hutambuliwa kwa vitu viwili vikiwa pamoja: nukta nyekundu ya kromatini na saitoplazimu ya bluu. Nukta peke yake haitoshi. Giemsa ni asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, au asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60, na bafa yenye pH 7.2. Bafa ikiwa na asidi kupita kiasi, slaidi inakuwa ya waridi na bluu ya saitoplazimu inafifia. Ikielekea upande wa alkali, kila kitu kinakuwa bluu nzito na nukta nyekundu haitokezi. Maji ya bomba yasiyopimwa ni chanzo kikubwa cha tofauti kati ya kituo na kituo, na modeli itajifunza tofauti hiyo badala ya kujifunza kimelea.

Utando mnene haukazwi kwa methanoli. Mara nyingi tando mbili ziko kwenye slaidi moja, na methanoli ya ule mwembamba ikiugusa ule mnene, au slaidi ikikaushwa kwa moto, himoglobini haitoki na usuli unakuwa mzito. Slaidi kama hiyo usiitie kwenye data ya kufundishia kana kwamba ni nzuri. Ipe alama yake, "haisomeki", na umfundishe mashine aseme hivyo. Jibu la "haisomeki, tengeneza nyingine" lina faida kwa mgonjwa kuliko "hasi" ya kubahatisha.

Mabaki ya rangi ndiyo yanayodanganya zaidi. Rangi ya kazi ichujwe, itumike siku hiyohiyo, na slaidi ioshwe kwa kuimiminia maji taratibu ili utando wa rangi ulioelea juu uondoke na maji, badala ya kumwaga rangi kwanza ukauacha ushuke juu ya damu. Mabaki hung'aa, hayana bluu, na mara nyingi yako kwenye kina tofauti na chembe. Hapo ndipo picha moja ya simu inaposhindwa: kina kinachoonekana vizuri chini ya ×100 hakifiki mikromita 1, na utando mnene unazidi hapo. Mtaalamu huzungusha skrubu ndogo muda wote akisoma. Simu inapiga picha ya kina kimoja.

Kwa hiyo pigeni picha tatu kwa kila uga: katikati, juu kidogo, chini kidogo. Kisha fungieni mwanga, ISO na mizani ya nyeupe kwenye programu ya kamera, na mzime kila kitu kinachoitwa urembo, HDR au kunoa picha. Kunoa huchora kizingo kuzunguka nukta, na kizingo hicho kinafanana na pete ya kimelea. Pia msitumiane picha kwa WhatsApp kama picha. Inazibana na rangi ya nukta inachafuka.

Jambo jingine kwa wataalamu wa kompyuta: mnapopanua data kwa kubadilisha rangi, msizungushe rangi kwa wingi. Uhusiano wa nyekundu na bluu ndio utambuzi wenyewe. Mwangaza badilisheni hata kwa asilimia 20, geuzeni picha pande zote mnazotaka, lakini aina ya rangi isogezwe kidogo sana, kiasi cha tofauti mnayoiona kati ya slaidi halisi.

Na tafadhali msiishie kwenye chanya na hasi. Sisi huhesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200. Vikiwa 100 au zaidi tunasimama. Vikipungua hapo tunaendelea hadi chembe 500. Kisha tunagawanya vimelea kwa chembe zilizohesabiwa na kuzidisha kwa 8,000, kadirio la chembe nyeupe kwa mikrolita: vimelea 50 kwa chembe 500 ni 800 kwa mikrolita. Huku kaskazini mwa Uganda hesabu hiyo ina uzito wa pekee. Mwaka 2021 ulitangazwa ushahidi kutoka Gulu wa vimelea vinavyochelewa kuondoka baada ya dawa ya artemisinini, vyenye mabadiliko kwenye jeni ya kelch13, na kuchelewa huko huonekana tu kama unahesabu vimelea vya mgonjwa mmoja saa baada ya saa.

---

KaziYaPikseli

Mama, hiyo ya kina tatu ni kazi nzuri sana kwa umakini, na ni rahisi. Kila mahali pa picha panakuwa na safu tatu, moja kwa kila kina, na umakini unafanyika kati ya hizo tatu tu: jozi 9 kwa kila mahali. Modeli inajifunza kuchagua kina ambacho nukta na bluu vimekaa pamoja, na kupuuza kile ambacho nukta inang'aa peke yake. Masharti: picha tatu zilinganishwe kwanza zisipishane. Skrubu ya hadubini iliyochakaa husogeza uga kwa pikseli kadhaa, na kwa kimelea cha pikseli 14 hiyo inatosha kuvunja kila kitu.

Kuhusu hesabu, angalieni kosa la chembe nyeupe. Modeli ikikosa asilimia 20 ya chembe nyeupe, msongamano unapanda kwa asilimia 25 hata kama vimelea vyote vimehesabiwa sawasawa. Watu hupima ubora wa kutafuta vimelea na kusahau kigawanyo.

---

Maabara_Mbarara

Asanteni sana, Mama na ndugu KaziYaPikseli. Tutakata vigae na kurudia mafunzo kwa visanduku. Yamebaki mawili. Slaidi zenye jibu la daftari tu ni nyingi kuliko zenye visanduku. Nimesoma kwamba umakini unaweza kujifunza kutoka jibu la slaidi nzima. Na wasimamizi wanataka ramani ya joto ionekane kwenye simu ili mtaalamu "aone sababu". Tuiweke?

---

Tensa_Kla

Nianze na slaidi zisizo na visanduku. Mbinu unayoisema ipo tangu 2018: umakini juu ya mfuko wa vigae. Slaidi yenye nyuga 100 na vigae 9 kila uga ni mfuko wa vigae 900. Kila kigae kinapita kwenye mtandao uliokwisha kufundishwa na kutoa safu, tuseme ya namba 512. Mtandao mdogo wa umakini, wenye upana wa 128 na lango la sigmoidi, unakipa kila kigae uzito. Jumla ya uzito wote ni 1. Safu ya slaidi ni wastani wa vigae kwa uzito huo, na hiyo ndiyo inayoamua chanya au hasi. Vigezo vipya ni 131,000 hivi, kwa hiyo kompyuta ya kawaida inafundisha sehemu hiyo baada ya safu za vigae kuhifadhiwa kwenye diski.

Mbinu hiyo imefanya kazi kubwa kwenye vipande vya nyama vya patholojia, ambako uvimbe unaweza kushika maelfu ya vigae. Kwenye malaria ya vimelea vichache, kigae kimoja au viwili kati ya 900 ndivyo vyenye kitu, na slaidi chache zikiwepo modeli hukariri uchafu wa slaidi fulani. Dawa ni kuanza na mtandao wa vigae uliofundishwa kwa visanduku vyenu, kisha slaidi za daftari zitumike kurekebisha tu. Uzito wa umakini msiutumie kuhesabu vimelea. Ni mgawanyo wa 1: vigae kumi vyenye vimelea vinaweza kupata 0.1 kila kimoja, na kigae kimoja peke yake kikapata 1.

Daftari nalo lina mtego. Chagueni majibu ya B/S, yaani yaliyosomwa kwa hadubini, na muache ya mRDT, kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo hicho kinapotafuta HRP2 (protini ya kimelea) hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo utakuwa na slaidi zilizoandikwa "chanya" zisizo na kimelea hata kimoja, na modeli italazimika kubuni kitu cha kutazama.

Sasa ramani ya joto. Msiiweke kama sababu.

Softimaksi hulazimisha uzito ufike 1 hata slaidi ikiwa safi kabisa. Umakini lazima utue mahali. Kisha programu ya kuchora hunyoosha rangi kutoka thamani ya chini hadi ya juu, kwa hiyo kigae kisicho na kitu nacho kitaonyesha doa jekundu. Kwenye vipande 4,096, uzito wa kawaida ni 0.00024, kipande kikifika 0.001 kitachorwa chekundu sana ingawa hakina maana yoyote. Tena mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba ViT kubwa huchukua vipande vya usuli visivyo na habari na kuvigeuza mahali pa kuhifadhia taarifa za picha nzima. Vipande hivyo huwaka kwenye ramani. Suluhisho lililotolewa ni kuongeza tokeni chache za ziada zisizotokana na picha, ili modeli ihifadhie humo. Ukingo wa duara lako unaweza kuwa na kisa hicho.

Unaweza pia kuwa na kisa kibaya zaidi. Kama kituo cha ngazi ya IV kinapokea wagonjwa mahututi zaidi, slaidi chanya zitakuwa nyingi upande huo, na simu yake imefungwa kwa namna inayoacha ukingo wenye umbo lake. Modeli inasoma kituo badala ya damu. Lilishatokea kwenye eksirei: utafiti wa 2018 juu ya nimonia uliona mtandao unatambua hospitali ilikotoka picha, ukitumia hata alama za chuma ambazo fundi huweka kwenye kona ya filamu, na ulipopelekwa hospitali nyingine uwezo ukashuka. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2021 programu za kusoma eksirei ya kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, lakini hata hizo alama ya kukatia (kiwango cha kuamua chanya au hasi) hupimwa upya kila mahali zinapopelekwa.

Kwa hiyo: jaza nje ya duara kwa rangi ya wastani ya usuli kabla ya kukata vigae. Gawa data kwa mgonjwa, kamwe si kwa picha, kwa sababu nyuga za slaidi moja zina rangi moja na uchafu mmoja. Kituo kimoja kizima kiwekwe pembeni, kisiguswe hadi mwisho. Kisha jaribio la kufunika: chukua kigae ambacho modeli imesema kina kimelea, funika kisanduku kwa kipande cha usuli wa uga huohuo, pima tena. Alama isiposhuka, modeli haikutazama kimelea, hata kama ramani ni nyekundu pale pale.

Kwenye simu muonyesheni mtaalamu vijipicha vyenyewe: visanduku ishirini vyenye alama za juu kabisa, kila kimoja kimekatwa mikromita 10 kwa upande na kukuzwa, na namba ya uga ili akiona shaka arudi kwenye slaidi. Hicho anaweza kukikubali au kukikataa kwa macho yake.

---

MamaMaabara_Gulu

Naunga mkono vijipicha. Na mpime kwanza kwenye slaidi hasi. Wengi hutangaza unyeti wa kupata vimelea kwa kila picha, lakini mgonjwa hasomwi kwa picha moja. Tunatazama nyuga 100 kabla ya kuandika hasi. Modeli ikikosea mara moja tu kwa kila nyuga 10, imebuni vimelea 10 kwa slaidi safi. Kwa chembe nyeupe 15 kwa uga, chembe 1,500 jumla, hivyo ni vimelea 53 kwa mikrolita. Huo ndio msongamano ambao msomaji mzuri huanza kuuona kwa shida. Maana yake kila mtu asiye na malaria atapewa dawa, na chanzo halisi cha homa yake hakitatafutwa.

Kusanyeni slaidi hasi zilizothibitishwa na wasomaji wawili kutoka vituo vyote, na kama inawezekana kwa PCR (kipimo cha DNA ya kimelea). Hesabuni makosa kwa kila slaidi, na alama ya kukatia ipangwe kutokana na hapo.

---

KaziYaPikseli

Nimalizie mafunzo na simu.

Mafunzo: tumia AdamW (njia ya kurekebisha vigezo), kasi ya kujifunza 0.0001, ipande polepole kwa mizunguko 5 ya kwanza, uzito upunguzwe kwa 0.05. Kadi ikibeba vigae 2 tu kwa bechi, limbikiza hatua 8 ili upate bechi ya 16. Ukibaki na ViT popote, kumbuka kunyoosha jedwali la mahali (linaloiambia modeli kila kipande kiko wapi) kutoka 14 kwa 14 hadi 32 kwa 32 unapopeleka vigae vya 512; ukilianzisha upya, modeli inasahau mpangilio wa picha na utadhani data ndiyo mbaya. Vigae visivyo na kitu ni vingi mno, kwa hiyo tumia hasara ya fokali (inayokazia mifano migumu), na katika kila bechi weka vigae vilivyoidanganya modeli raundi iliyopita, mabaki ya rangi hasa.

Simu: ViT-Base ina vigezo milioni 86, megabaiti 344 kwa namba za biti 32. Swin-Tiny ina milioni 28, sawa na megabaiti 112, na ukishusha hadi biti 8 zinabaki 28. Tabaka za softimaksi na za kusawazisha ziache kwenye biti 16, kwani huko ndiko thamani chache kubwa mno hukatwa na umakini kupoteza makali. Baada ya kushusha biti, rudia kipimo cha slaidi hasi. Usidhani alama ya kukatia itabaki ileile. Simu ikikiona kigae kwa sekunde 0.2, slaidi ya vigae 900 ni dakika 3. Ikiwa sekunde 1, ni dakika 15, na simu itapata joto na kuzidi kupunguza kasi. Modeli ya hatua mbili husaidia: MobileNetV3, mtandao mwepesi wa konvolusheni ambao tayari una SE ndani yake, inapitia vigae vyote kwa alama ya kukatia iliyolegea, na Swin inatazama vile vilivyotiliwa shaka tu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walishaonyesha kabla ya umakini wa aina hii, mwaka 2016, kwamba simu iliyofungwa kwenye hadubini kwa kishikizo na mtandao wa konvolusheni vinatosha kutambua malaria, kifua kikuu kwenye makohozi na mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Kwa hiyo weka mtandao wa konvolusheni kama mlinganisho kwa vigae vilevile. Swin isipoushinda kwenye kituo mlichokiweka pembeni, pelekeni vituoni ule mwepesi.

---

Maabara_Mbarara

Nimeelewa. La mwisho: picha ziko kwenye simu za vituo, na tulikuwa tumezipa majina ya faili kwa namba ya mgonjwa. Kuna shida kabla ya kuzipandisha kwenye seva?

---

Tensa_Kla

Ipo. Picha ya damu ikiambatana na namba ya mgonjwa ni taarifa ya afya ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inaigusa. Mkusanyaji anajisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na kama ni utafiti mnahitaji kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, pamoja na cha Baraza lenyewe. Badilisheni majina ya faili kuwa namba za nasibu, na jedwali la kuunganisha namba hizo na wagonjwa libaki kituoni, kwenye kompyuta isiyo kwenye mtandao. Namba mpya lazima iwe moja kwa picha zote za mgonjwa mmoja, la sivyo hamtaweza tena kugawa data kwa mgonjwa. Kamera ya simu huandika pia mahali na saa ndani ya faili. Mahali pafuteni kwenye simu yenyewe kabla ya kuhamisha kwa waya, na kwenye saa mbakize tarehe tu, mtaihitaji kujua ni chupa gani ya Giemsa ilitumika.